Watoto Wadogo na Simu ya Picha

Waalimu wapendwa mnaofundisha watoto wadogo, twataka kunena nanyi juu ya simu ile iletayo sauti na sura pamoja, jinsi iwezavyo kuwajulisha watoto desturi za mataifa mengine.

Si kila picha iendayo humfundisha mtoto. Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani walitangaza uchunguzi wao juu ya watoto wa miezi 24 hadi 30. Waliosema na mtu kwa simu ya picha walijifunza maneno mapya. Waliotazama picha zilizotengenezwa zamani hawakujifunza. Maana mtu aliye hai humngoja mtoto na kumjibu, bali picha ya akiba haimwoni. Basi mwalimu asidhani ya kuwa kuwaonyesha sinema ya Japani ni sawasawa na kuwakutanisha na watoto wa Kijapani.

Japani twaitaja kwa kuwa ndiyo tuliyoijaribu, pamoja na shule moja ya kisiwa cha Hokkaido, waalimu wakifasiriana kwa Kiingereza. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, kwao saa tisa alasiri. Watoto wetu wakauliza, “Mbona jua lao lashuka?” Tukashika chungwa, tukalizungusha mbele ya taa. Kisha wakawaona wenzao wakipangusa sakafu ya darasa kwa matambara, wakapiga kelele, “Kumbe nao wana zamu!” Viatu vya nje waliviacha mlangoni, wakavaa vya ndani, tukawakumbusha wetu kwamba hata pwani mtu huvua viatu kabla ya kuingia nyumbani.

Mmoja wetu alicheka vijiti vyao vya kulia. Tulimkemea upesi mno, naye akanyamaza hata mwisho. Hilo lilikuwa kosa letu. Ingefaa kumwambia aulize jinsi vinavyoshikwa. Nao wakauliza kama simba huja shuleni. Binti mmoja akawajibu kwamba yeye hajamwona simba ila katika noti ya shilingi 2,000.

Lakini liko jambo zito zaidi. Kabla ya mara ya pili mtu mmoja alitushauri tuielekeze simu kwenye paa letu bovu, ili wale watuhurumie. Tulikataa. Mtoto akionyeshwa kama mwombaji, hawezi tena kuwa mwenyeji wa mgeni wake. Tukaipeleka jikoni, mama akimenya ndizi za mtori, nao watoto wakaeleza kila kitu kwa fahari.

Tena, watoto sita wakizunguka simu moja yatosha, na dakika kumi zatosha. Wazazi waulizwe kwanza, wala mtu asihifadhi picha za watoto.

Sasa wanaomba kuona theluji ikianguka, maana ile ya Kibo huiona kwa mbali tu. Tumewaambia wangoje Januari.