Macho Kuwasha na Chafya Baada ya Mvua: Tofautisha Mzio na Ugonjwa



Mvua imenyesha, nyasi zimestawi na maziwa yameongezeka. Lakini mchungaji anarudi jioni macho mekundu, yanawasha, kamasi jepesi linamtiririka na chafya hazikomi. Wengi husema ni mafua. Hali hii ikija kila mwaka msimu uleule, bila homa, huenda ni mzio, yaani aleji.

Chanzo chake

Wiki chache baada ya mvua, nyasi hutoa maua. Unga wa maua hayo, uitwao chavua, hupeperushwa na upepo na kuingia machoni na puani. Mwili wa mwenye mzio huuona unga huo kama adui, na katika kupambana nao huleta mwasho, machozi na chafya. Huko Baringo, mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, nao una chavua inayojulikana kuleta mzio.

Kiangazi nacho huleta vumbi la njia za mifugo na samadi kavu ya zizini. Moshi wa jikoni huzidisha mwasho. Mzio hauambukizi.

Fanya hivi

1. Osha uso na mikono kila urudipo kutoka malishoni. Maji yakiwa haba, tumia kibuyu chirizi.
2. Usisugue macho. Yafumbe, kisha weka juu yake kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Kusugua kila siku huweza kuharibu kioo cha jicho, hasa kwa watoto.
3. Unapofagia zizi, funika pua na mdomo kwa kitambaa. Ikiwezekana, kazi hiyo ifanywe na asiye na mzio.
4. Ukizidiwa, nenda zahanati upewe setirizini, loratadini au matone ya macho ya mzio. Klofeniramini huleta usingizi: usiinywe unapokwenda kuchunga au kuendesha pikipiki.

Usifanye hivi

- Usitie jichoni dawa ya mifugo. Dawa ya kupuliza kidonda cha ng'ombe si dawa ya jicho la mtu.
- Usitie maziwa mabichi, mkojo wala maji ya tumbaku.
- Usinunue matone yenye steroidi bila kupimwa. Yakitumika muda mrefu yanaweza kupandisha presha ya jicho na kupofusha.

Wakati wa kwenda kituo cha afya upesi

Mzio kwa kawaida huwasha macho yote mawili. Jicho likiuma, likitoa usaha, likishindwa kuvumilia mwanga au likiona ukungu, usingoje msimu upite. Kope zikigeukia ndani na kuchoma jicho, huenda ni trakoma, yaani vikope. Ugonjwa huu huenezwa kwa mikono, nguo na nzi wanaotua usoni. Hupofusha, lakini ukiwahiwa hutibika.

Mbuzi wakipiga chafya je?

Wengi wakianza kwa pamoja, usiseme ni vumbi tu. Tazama kama wana homa, machozi, kamasi zito, vidonda mdomoni na kuhara. Hizo ni dalili za sotoka ya mbuzi na kondoo, iitwayo PPR. Haiambukizi watu, lakini huweza kumaliza kundi. Virusi vyake havina dawa. Kinga ni chanjo. Tenga wagonjwa, usipeleke mnyama mnadani, na umjulishe afisa mifugo siku hiyohiyo.

Kondoo anayepiga chafya na kutikisa kichwa, bila homa wala kuhara, huenda ana funza wa puani. Afisa mifugo atakuelekeza dawa.

Kumbuka: Macho yanayowasha kila msimu, yaoshe na uyapumzishe. Jicho linalouma, lenye usaha au lenye ukungu, lipeleke kituo cha afya. Mchungaji asiyeona hawezi kulinda kundi.