Pesa ya babu: rangi yake ni ya asili?

SWALI: Babu ameniachia hapa Mikindani pesa ya shaba ya Mjerumani ya mwaka 1892, ya kahawia. Mnunuzi mmoja anadai imepakwa rangi. Mwingine ananiambia niisugue kwa ukwaju. Nimsikilize nani?

JIBU: Usiiguse kwa ukwaju wala limau! Asidi hula uso wa shaba, na ukishaliwa haurudi. PCGS na NGC, kampuni za Marekani zinazopanga sarafu kwa madaraja, huinyima daraja la namba sarafu iliyosuguliwa. Kahawia haina aibu. Ndivyo shaba inavyozeeka.

Iinamishe juani, uitazame kwa lenzi kando ya manyoya ya tai aliye upande mmoja, kisha uigeuze kwenye maandishi ya Kiarabu. Rangi ya asili hukolea vishimoni na kupauka palipoinuka. Ukiona mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja chini ya kahawia iliyolingana kila mahali, mnunuzi wa kwanza ana hoja. Asipoweza kukuonyesha kasoro hiyo kwa kidole, anatafuta kushusha bei tu.

Kuipeleka Marekani kwa kampuni hizo sikushauri. Pesa za 1892 zilipigwa kwa wingi, 64 kwa rupia moja, na ada ya upimaji huenda ikaizidi thamani yake.