Somo la Jumamosi hii: Nyumba ya Bata

Kabla hujaendelea kusoma, mwulize mama, baba au jirani aliyekuwepo hapa Uingereza mwaka 2009: yule mbunge wa nyumba ya bata, serikali ilimlipa pesa ngapi? Wengi watakujibu pauni elfu moja na mia sita na kitu.

Mei 2009 gazeti la The Daily Telegraph lilianza kuchapisha, siku baada ya siku, gharama ambazo wabunge walitaka kurudishiwa kutoka kwenye kodi za wananchi. Bunge lilikuwa limekwenda hadi mahakamani likitaka mengi ya hayo yasijulikane, likashindwa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Spika Michael Martin alilazimika kujiuzulu, jambo lililokuwa halijatokea tangu 1695. Baadaye baadhi ya wabunge walifungwa jela.

Haya, turudi kwa bata. Peter Viggers, mbunge wa Gosport, aliomba arudishiwe pauni 1,645 za kibanda cha bata kinachoelea bwawani. Ofisi ya malipo ilikataa. Gharama nyingine za bustani alilipwa, lakini za kibanda hakupata hata senti. (Mwenyewe alisema bata hawakukipenda!)

Kwa nini basi watu wanakumbuka kwamba alilipwa? Imani kwa wabunge ilikuwa imeshavunjika, na mtu aliyekwisha kasirika haangalii tena kama gazeti limeandika "aliomba" au "alilipwa". Ndiyo maana leo tunajifunza vitenzi.

Kudai kuna kazi zaidi ya moja. "Mbunge anadai pesa": anataka alipwe. "Mbunge anadaiwa pesa": ana deni. "Mbunge anadaiwa kuiba": watu wanasema ameiba, lakini bado haijathibitishwa. Ukiruka neno "anadaiwa" hapo, umemwita mtu mwizi. Wazazi, na sisi tunaliruka sana tunaposimuliana habari za nyumbani kwa simu.

Mengine ya kukariri: kukanusha (kusema si kweli), kuthibitisha (kuonyesha kuwa ni kweli), kuidhinisha (kukubali rasmi), kashfa (aibu iliyojulikana hadharani).

Kazi ya nyumbani: pamoja na mzazi, tafuta habari moja ya Kiswahili inayomhusu mwanasiasa. Pigia mstari kila kitenzi kinachoonyesha kama jambo limesemwa, linadaiwa au limethibitishwa. Njoo nayo Jumamosi ijayo.