Jino Lililonyamaza Halijapona
Kijitabu cha matibabu ya mzizi wa jino, kwa nyumba za Mji wa Kale na mitaa inayozunguka Ngome ya Yesu, Mombasa

Kilichotufanya tuandike

Kijana mmoja wa mkokoteni wa pale Marikiti alikuja kliniki kwetu mwezi wa Shaabani, hajalala siku tatu. Jino lilifunguliwa, likasafishwa, likatiwa dawa na kuzibwa kwa muda. Akapewa kadi: rudi baada ya wiki mbili. Usiku ule alilala. Asubuhi akala mahamri na mbaazi, kadi akaikunja akaitia mfukoni. Tulimwona tena baada ya Idi, jicho la kushoto limefumba kwa uvimbe, mdomo haufunguki hata kijiko kupita. Kadi ilikuwa ingali mfukoni, imelowa jasho na kuchanika kwenye mikunjo. Jino lililokuwa limeshaokolewa nusu ikabidi ling'olewe. Ana miaka 23.

Wa namna yake tunawapokea kila mara, nasi tumechoka kuwang'oa watu meno ambayo yangepona. Ukisoma ukurasa huu peke yake, shika hili: jino lililonyamaza halijapona. Rudi.

Matibabu haya ni nini

Wengi huyaita kuua neva. Anayeishi Kibokoni au Mkanyageni anazijua nyumba zetu za mawe na chokaa. Ukuta ukilowa kwa ndani, fundi anaweza kupiga plasta mpya na kupaka rangi, ukapendeza mwezi mzima. Kisha plasta inafura na kumomonyoka, kwa kuwa maji hayakutolewa. Jino lililooza mpaka ndani ni hivyo hivyo: kuliziba juu tu ni kupaka rangi juu ya unyevu.

Kwa hiyo daktari hulitia ganzi, hulitoboa, na kwa visindano vyembamba kuliko sindano ya kushonea kofia hutoa uchafu wote ulio ndani ya mizizi. Huosha, hutia dawa, hufunga kwa muda. Siku nyingine hufungua tena, hujaza mizizi kwa mpira maalumu unaotokana na utomvu wa mti, kisha huziba moja kwa moja. Jino moja huweza kumalizika kwa siku moja. Jingine hutaka safari mbili au tatu.

Je, inauma?

Ukishatiwa ganzi utahisi kusukumwa tu. Ukihisi maumivu inua mkono, utaongezwa ganzi.

Dalili za kukuleta

Jino linalokuamsha usiku. Jino ambalo ukinywa kahawa ya moto au maji ya barafu linaendelea kuuma hata baada ya kumeza. Jino linalouma ukitafuna. Jino lililobadilika rangi likawa jeusi au kijivu. Kijipu kwenye ufizi kinachopasuka, kikatoa usaha wenye ladha ya chumvi, kikafunga, kikarudi. Na hii ndiyo inayowadanganya wengi: jino lililouma wiki nzima, kisha ghafla likanyamaza bila dawa yoyote. Halikupona. Limekufa, na uozo sasa unashuka kwenye mfupa wa taya polepole, bila kelele.

Rudi umalizie

Ukitoka kliniki siku ya kwanza, maumivu huisha au hupungua sana. Hapo ndipo watu wanapopotea. Wanadhani kazi imekwisha, na kumbe mizizi ingali mitupu. Kile kizibo cha muda si cha kudumu. Kimewekwa kwa wiki chache. Miezi ikipita kinalika, kinapasuka, mate na chakula vinaingia, na uchafu uliotolewa kwa saa nzima unarudi.

Mreno alizingirwa na Waomani ndani ya Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ukuta ulisimama, waliokuwa ndani ndio waliokwisha, wengi wao kwa maradhi. Nenda leo ukautazame, bado umesimama. Jino nalo huweza kusimama vivyo hivyo huku ndani limekwisha, kwa hiyo usilipime kwa kulitazama kwenye kioo wala kwa kulisikiliza.

Huna nauli? Rudi ukipata, lakini piga simu uombe siku nyingine. Umesafiri? Rudi ukifika. Huna maumivu yoyote? Hasa wewe, rudi.

Vidonge vya dukani

Usiende kwa kemisti ukasema "nipe dawa ya jino ya shilingi hamsini." Vidonge vinne vya kuua vijidudu haviwezi kuingia ndani ya jino lililokwisha kufa, vinapunguza uvimbe, unajiona mzima, ugonjwa unabaki palepale, na siku utakapozihitaji dawa hizo kweli huenda zisifanye kazi. Usimeze dawa za maumivu kwa kubahatisha wiki baada ya wiki: zinachoma tumbo na kuharibu figo. Usisage kidonge ukakiweka juu ya ufizi, kinauunguza. Usitumie dawa iliyobaki ya jirani. Usitie maji ya betri, mafuta ya taa wala dawa ya kuulia wadudu ndani ya tundu la jino. Nimewaona waliofanya hivyo, na nilichokiona midomoni mwao sitaki kukieleza hapa.

Mafuta ya karafuu yana ukweli ndani yake. Madaktari wa meno nao hutumia kitu kinachotokana na karafuu katika vizibo vya muda. Pamba kidogo yenye mafuta hayo itakusaidia usiku mmoja hadi kliniki ifunguliwe. Usiku mmoja. Asubuhi njoo.

Mwezi wa Ramadhani

Usiahirishe jino linalouma eti mpaka Idi. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku yake baadaye. Kama sindano ya ganzi inabatilisha saumu, muulize sheikh wako mapema, usingoje maumivu yakuzidie. Na baada ya kaimati, tende na juisi ya ukwaju, piga mswaki kabla ya kulala. Anayelala na muguka na peremende shavuni, naye asome hapa mara mbili.

Jino la mtoto wa miaka sita

Mama, sikiliza. Mtoto akikaribia miaka sita, huota gego nyuma kabisa ya meno ya utoto. Halikung'oka jino lolote kulipisha, kwa hiyo wengi hudhani nalo ni la utoto na wakaliacha lioze. Si la utoto. Ndilo atakalotafunia hadi uzeeni, na likienda halioti jingine. Wazee walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Mlete kliniki mapema, jino lizibwe tundu likiwa bado dogo.

Gharama

Matibabu haya ni ghali kuliko kung'oa, na hilo ndilo linalowakatisha wengi njiani. Kabla hujatiwa ganzi, uliza bei yote: safari zote, kizibo cha mwisho, na kofia ya jino. Gego lililotibiwa mzizi hupasuka kwa urahisi likitafuna mfupa au kashata, ndiyo maana huvishwa kofia. Ukiona huna uwezo wa kufika mwisho, sema mapema bila haya. Mimi afadhali nikuone umeng'olewa vizuri siku moja kuliko ukae na jino lililotibiwa nusu.

Nani akutibu

Daktari wa meno mwenye leseni ya mwaka huu kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya. Omba kuiona.

Mwambie daktari

Kama una sukari, presha, ugonjwa wa moyo au wa kutokwa damu. Kama unatumia dawa ya kulainisha damu. Kama una mimba. Kama kuna dawa iliyowahi kukuvimbisha au kukutoa vipele. Mjamzito hutibiwa jino. Kuliacha na usaha ndiko kwenye hatari.

Usingoje kliniki, nenda dharura

Uvimbe ukifika chini ya kidevu au shingoni, ukishindwa kumeza mate, sauti ikibadilika, pumzi ikiwa nzito, jicho likifumba au homa ikipanda na kutetemeka: nenda Hospitali Kuu ya Pwani saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Uvimbe wa jino huweza kuziba njia ya hewa, na mtu hufa kwa jino.

Ukirudi nyumbani baada ya matibabu

Usile mpaka ganzi iishe, utajing'ata shavu. Tafunia upande wa pili. Maumivu madogo ya siku chache ni kawaida. Uvimbe unaokua si kawaida. Kizibo kikitoka, rudi kesho yake, usingoje tarehe.

Kadi

Kama kuna kadi ya kliniki nyumbani kwako, ndani ya droo, chini ya godoro au mfukoni mwa suruali, itoe sasa usome tarehe. Ikiwa imepita mwezi au mwaka, njoo nayo hivyo hivyo. Hatutakufokea.