Uhaba wa Maji Safi: Funzo la Mtungi wa Lita Ishirini

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa maji ni uhai. Hata hivyo, usemi huu umerudiwa mara nyingi mno darasani, kwenye mabango na katika hotuba, hata umepoteza makali yake. Msikilizaji huuitikia kwa kichwa, kisha akaenda zake na kuuacha mfereji ukitiririka huku akipiga mswaki. Makala haya yananuia kuurejeshea usemi huo uzito wake kwa kueleza kiwango cha uhaba wa maji safi duniani, kuangalia mfano wa jiji la Nairobi, na hatimaye kujadili namna ya kuyahifadhi maji nyumbani. Hoja kuu ni kwamba, katika suala la uhifadhi, mwenye mfereji ana mengi ya kujifunza kutoka kwa mwenye mtungi.

Hali ya maji duniani

Anayeitazama ramani ya dunia huenda akashangaa kuambiwa kuwa maji ni haba, kwani takriban asilimia 70 ya uso wa dunia imefunikwa na maji. Tatizo limo katika aina ya maji hayo. Takriban asilimia 97.5 ni ya chumvi. Katika asilimia 2.5 inayosalia, sehemu kubwa ni barafu au maji yaliyofichika chini ya ardhi. Maji ya mito, maziwa na chemchemi ambayo binadamu huyafikia kwa urahisi hayafiki hata asilimia 1 ya maji yote. Hayo machache nayo yana wengi wanaoyagombea: kilimo pekee huchukua takriban asilimia 70 ya maji yasiyo ya chumvi yanayochotwa duniani.

Kwa mujibu wa takwimu za Umoja wa Mataifa, kufikia mwaka wa 2022 watu wapatao bilioni 2.2 hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yaliyo salama. Hii ni licha ya Baraza Kuu la Umoja huo kutambua mnamo Julai 2010 kuwa maji safi ni haki ya binadamu. Katiba ya Kenya, iliyozinduliwa Agosti mwaka uo huo, inasema katika Kifungu cha 43 kuwa kila mtu ana haki ya kupata maji safi, salama na ya kutosha.

Yafaa kutofautisha aina mbili za uhaba. Upo uhaba wa kimaumbile, ambapo mvua na mito havitoshi mahitaji ya watu. Upo pia uhaba wa kiuchumi, ambapo maji yapo lakini hakuna mabomba, mitambo wala fedha za kuyafikisha kwa wananchi. Kenya inakabiliwa na aina zote mbili. Kwanza, kiasi cha maji kinachopatikana kwa kila mtu kwa mwaka kiko chini ya mita za ujazo 1,000, kipimo ambacho wataalamu hukitumia kuitambua nchi yenye uhaba. Pili, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi, ama kwa sababu mabomba yanavuja, mita ni mbovu, au watu wamejiunganishia kinyume cha sheria.

Mfano wa Nairobi

Jina la Nairobi lina asili katika lugha ya Kimaasai, nalo humaanisha mahali pa maji baridi. Leo jiji lililopewa jina kwa sababu ya maji hutegemea maji ya mbali. Sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994 na lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Mvua ilipopungua mwishoni mwa mwaka wa 2016, kina cha bwawa hilo kilishuka, na kuanzia Januari 2017 wakazi wakawekewa mgao wa maji.

Hata hivyo, mgao haukuwaumiza wote kwa kiwango kimoja. Mkazi mwenye tangi kubwa juu ya paa aliweza kusubiri zamu yake bila wasiwasi. Mkazi wa mtaa wa mabanda, ambaye hata siku za kawaida hununua maji kwa mtungi wa lita 20, alilazimika kupanga foleni ndefu zaidi na kutoa bei ya juu zaidi. Lita kwa lita, maskini hulipa zaidi ya tajiri kwa maji yale yale. Maji ya mifereji yanapokosekana, wengine huyatumia ya mito na visima vilivyochafuliwa, na hapo ndipo kipindupindu hupata njia.

Kuhifadhi maji nyumbani

Mama anayenunua maji kwa mtungi hahitaji kufunzwa uhifadhi. Maji aliyosuuzia nguo hupigia sakafu deki, na yanayosalia humwagwa msalani au kunyunyizwa uani ili kutuliza vumbi. Yeye huhesabu lita kwa sababu kila lita ameilipia na kuibeba. Mwenye mfereji hahesabu. Funzo la kwanza, basi, ni kupima.

Tuchukue mfereji unaodondosha maji kiasi cha kujaza glasi ya robo lita kila baada ya dakika 15. Kwa saa moja itapotea lita 1, kwa siku lita 24, na kwa siku 30 lita 720. Hiyo ni mitungi 36, na pengine kinachohitajika ni kubadilisha kipande kidogo cha mpira kilichochakaa. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia haba na haba hukimaliza kibaba.

Funzo la pili ni kubadili mazoea. Kuoga kwa ndoo hutumia lita 20 au pungufu, ilhali bafu ya mvua inayotoa lita 10 kwa dakika humaliza kiasi hicho kwa dakika 2. Chupa ya lita 1 iliyojazwa maji na kutiwa ndani ya tangi la choo huokoa takriban lita 1 kila choo kinapovutwa. Vyombo vioshwe katika karai badala ya chini ya mfereji ulio wazi.

Funzo la tatu ni kuvuna mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 20 hupokea lita 800. Hata tukikadiria kuwa thuluthi moja itapotea, husalia zaidi ya lita 500. Maji ya mwanzo yaachwe yapite, kwani huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na tangi lifunikwe ili mbu wasizaliane humo.

Uhifadhi usitenganishwe na usafi. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, yawekwe katika chombo chenye kifuniko, na yatekwe kwa kata yenye mpini ili mikono isiyaguse. Maji yaliyokwisha kutumika yasimwagiliwe mboga zinazoliwa mbichi.

Je, juhudi za nyumbani zina athari? Jiji la Cape Town, Afrika Kusini, linatoa jibu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2018, mabwawa yakikaribia kukauka, wakazi waliwekewa kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku. Kilimo nacho kilipunguziwa maji, na matumizi ya jiji yakashuka hadi takriban nusu ya yalivyokuwa miaka mitatu awali. Siku iliyohofiwa ya kufungwa kwa mifereji haikufika, na mvua iliponyesha ikayakuta mabwawa bado yana akiba.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa uhaba wa maji safi husababishwa na maumbile pamoja na matendo ya binadamu. Uhifadhi wa nyumbani hauiondolei serikali wajibu wake wa kuziba mabomba, kulinda misitu ya chemchemi na kufikisha maji mitaani, wala si haki kumhubiria uhifadhi mtu ambaye mtungi mmoja humtosheleza siku nzima. Wajibu huo unamwangukia kwanza yule anayepata maji kwa kufungua tu mfereji. Maji yakimwagika hayazoleki. Yule aliyeyabeba kichwani alilijua hilo zamani.