SOMO: Ndege ya Wagonjwa na Kazi Yetu Kabla Haijatua

Tuseme mama amejifungua usiku huko Kizingitini, na damu haikati. Muuguzi wa zahanati amefanya alichoweza. Je, nani apigiwe simu kwanza: mwenye boti, hospitali ya Lamu, ama wenye ndege kule Nairobi? Tukiuliza swali hili vikundini, wengi hujibu "mwenye boti, hayo mengine baadaye." Sisi twasema wote watatu wapigiwe mara moja, na somo hili ni la kueleza kwa nini.

Kwanza tujue huduma hii ilitoka wapi. Mwaka 1928 huko Australia, mchungaji mmoja wa Kipresbiteri, John Flynn, alianzisha huduma ya daktari wa ndege kwa watu walioishi mbali na hospitali. Lakini ndege peke yake haikutosha, kwani mgonjwa angemwitaje daktari? Fundi Alfred Traeger akatengeneza redio ya kukanyaga kwa miguu kama baiskeli, na mwaka 1929 ikaanza kutumika. Kwa maoni yetu redio ile ilifanya kazi kubwa sawa na ndege yenyewe.

Huku kwetu, mwaka 1957, madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika ambalo baadaye lilijulikana kama AMREF. Ndege zake hutoka uwanja wa Wilson, Nairobi. Kwa miaka mingi zahanati za mbali ziliongea na Nairobi kwa redio. Siku hizi ni simu.

Wazee wa Lamu watamkumbuka Dakta Anne Spoerry, Mfaransa aliyeitwa Mama Daktari. Alijifunza kurusha ndege akiwa na zaidi ya miaka 40, na akawa akija visiwani kutibu na kuchanja watoto mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 1999. Kazi yake hasa ilikuwa kliniki, yaani kuwatibu watu kabla hali haijawa ya kukimbizana. Mwaka 2015 Umra Omar alianzisha Safari Doctors, na wao huenda vijijini kwa mashua. Tusidharau kliniki hizo, maana mama mja mzito aliyepimwa mapema huenda asihitaji ndege kabisa.

Sasa turudi kwa mgonjwa wetu. Kutoka Nairobi hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 450 kwa njia ya anga. Ndege huchukua kama saa moja au zaidi kidogo, na kabla ya hapo rubani, muuguzi na daktari wajitayarishe. Ikifika, haitui Lamu mjini wala Kizingitini. Yatua kisiwani Manda, na mgonjwa huvushwa kwa boti. Kiwayu na Kiunga kuna viwanja vidogo, lakini si kila ndege wala kila saa yafaa huko.

Na bahari nayo ina saa zake! Mkanda ni njia ya kina kifupi, maji yakipwa boti haipiti. Itabidi kungoja maji yajae au kuzunguka nje, na wakati wa kusi, nje si mchezo. Kwa hiyo nahodha ni mmoja wa wauguzi. Yeye ndiye ajuaye kama leo ni bamvua au maji mafu, na aulizwe kabla mgonjwa hajabebwa kupelekwa pwani. Boti ikiondoka kwanza na simu ikapigwa mkishafika Lamu, masaa ya baharini yamepotea bure. Lakini simu ikipigwa mapema, daktari wa Lamu atayarisha chumba, jamaa wa kutoa damu waitwa, na akiona haja ya ndege aiombe mgonjwa angali njiani. Mama anayetoka damu asikae ufuoni kungojea ndege. Apelekwe hospitali iliyo karibu.

Anayepiga simu aseme nini? Asianze na historia ndefu. Aseme yuko wapi, umri wa mgonjwa, amepatwa na nini na saa ngapi, kama ana fahamu, kama apumua vizuri, damu yatoka kiasi gani, dawa gani amepewa. Kama kuna muuguzi, yeye ndiye aongee. Atoe nambari ya simu, na simu hiyo isitumiwe kupigia shangazi wa Mombasa! Tumesikia mara nyingi: Nairobi wapiga, laini iko bize.

Njiani, jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi. Asiye na fahamu lakini apumua alazwe ubavu, ila aliyeanguka mnazini asipindwe shingo wala mgongo, abebwe juu ya ubao. Wa kufanyiwa upasuaji asilishwe. Afunikwe blanketi asipate baridi. Aliyeumia kifua atajwe wazi, kwa sababu juu angani hewa iliyonaswa mwilini hutanuka, na hiyo yaweza kumbana mapafu. Uwanjani punda na watoto waondolewe, na mtu asikaribie ndege mpaka panga lisimame kabisa.

Limebaki jambo la pesa. Safari moja yaweza kugharimu maelfu ya dola. Wapo wanaosafirishwa kwa msaada, lakini hakuna awezaye kuahidi hilo usiku wa manane. Kuna mpango wa kulipa ada ya mwaka, ambao ni nafuu mno kuliko kukodi ndege. Kikundi cha akina mama au cha wavuvi kiulize masharti yake wakati watu wote ni wazima. Harambee ya saa nane za usiku twaijua ilivyo.

Ya kujadili kikundini: Kijijini kwenu boti gani ina injini nzima na mafuta ya akiba, na nani ana ufunguo? Nahodha wa pili ni nani kama wa kwanza yuko baharini? Nambari ya hospitali imeandikwa wapi, na je, mtu asiyejua kusoma aweza kuipata gizani?