HATARI IMEPITA, MWILI BADO UNAKESHA

Somo: 1 Wafalme 19:1-18

Wiki hii tujifunze jambo linalosumbua nyumba nyingi kuanzia Sagalla hadi Mwatate na Kasigau: jinsi mshtuko na msongo wa mawazo unavyogeuza hisia zetu na kuharibu uhusiano wetu.

Zaidi ya nusu ya kaunti yetu ni mbuga ya Tsavo, kwa hiyo ndovu ni majirani. Ukame wa 2022 uliua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, kwa hesabu ya serikali. Wenye njaa na kiu huja mashambani. Wako wapendwa waliokesha wakipiga mabati kulinda mahindi, na wako waliozika jamaa zao. Leo ndovu hayupo, lakini upepo ukigonga bati, baba anaruka kitandani. Mtoto akiangusha sufuria, anafokewa kana kwamba amechoma nyumba. Mama naye amenyamaza, hata ushirika haji.

Tunakimbilia kusema, "Huyu ana roho ya hasira." Mimi nasema, hebu tuangalie vizuri kwanza.

1. MWILI HUKUMBUKA
Kule Sagalla wakulima huzungushia shamba mizinga ya nyuki, maana ndovu anaogopa nyuki. Watafiti hapa Kenya waliwachezea ndovu sauti ya nyuki iliyorekodiwa. Wengi walikimbia, na hapakuwa na nyuki hata mmoja! Nasi tuko hivyo. Hatari ikija, mwili hutoa homoni kama adrenalini: moyo unaenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakatika. Muumba ametuwekea hiyo ituokoe. Shida ni hatari ikirudi usiku baada ya usiku. Mwili unazoea kukesha hata kukiwa na amani, na hofu isiyo na adui inamwangukia aliye karibu: mke, mume, mtoto.

2. MUNGU ALIVYOMTUNZA ELIYA
Nabii aliyeona moto ukishuka Karmeli alitishwa na Yezebeli, akakimbia. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaketi peke yake chini ya mretemu, akaomba afe. Woga, kujitenga, kukata tamaa: yote yako hapo, kwa mtu wa imani kubwa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji mara mbili. Baadaye akamuuliza swali na kumsikiliza. Mwisho akampa Elisha, asibaki peke yake.

3. TUFANYE NINI?
- Mwache mtu alale na ale. Mwenye usingizi wa siku tatu hahitaji mahubiri marefu.
- Muulize, kisha unyamaze. Usimharakishe kusema amesamehe au amepona.
- Ukihisi moyo unaenda mbio, toka nje, vuta pumzi polepole, ndipo urudi mzungumze. Mwambie mwenzako, "Nimeshtuka, si wewe."
- Ndoto mbaya, hasira au ganzi ikipita mwezi mmoja, nenda hospitali, kama ile ya Moi hapa Voi, umweleze daktari. Akisema anataka kujiua, msimwache peke yake. Mpelekeni siku hiyo hiyo. Tutaendelea kuomba. Dawa na maombi havigombani.
- Kuelewa si kuruhusu. Anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie. Kwanza apate mahali salama.

Nimekaa na familia kadhaa katika hali hii, na nimeona kwamba neno "pole" likisemwa mapema hufungua mlango ambao kelele zingeufunga.

SWALI LA USHIRIKA WA NYUMBANI: Ni nani kwetu ameketi chini ya mretemu, na nani atampelekea mkate wiki hii?

TUOMBE: Bwana, tulize mioyo iliyoshtuka. Tupe masikio ya kusikiliza kabla ya kuhukumu. Tufanye kuwa Elisha kwa wenzetu. Amina.